Kuuza mtandaoni kwa akili ya sokoni: hatua kwa hatua kwa anayeanza hapa Uganda

Maswali yanayonijia ni yaleyale karibu kila wiki. Nianze na tovuti au WhatsApp? Nilipe tangazo la shilingi ngapi? Mbona video yangu imeangaliwa na watu elfu nne na simu haijalia hata mara moja? Nimejibu kwa meseji, nimejibu kwa sauti, nimejibu nikiwa nyuma ya boda kwenye foleni ya Wandegeya, sasa nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja ili mtu akiuliza nimtumie hii.

Mimi nauza viatu vya watoto vya mtumba, Owino, lile soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Sikusomea mambo ya kompyuta. Nilichogundua ni kwamba maneno ndiyo yanawatisha watu: trafiki, konveshoni, SEO, sijui nini. Mama ameuza nyanya Kalerwe miaka kumi, anajua mteja gani ni wa kununua na gani anapitisha muda, halafu akisikia hayo maneno anasema hii si kazi yangu ni ya vijana. Mama, hii kazi unaijua tayari, imebadilishiwa jina tu. Kwa hiyo hapa kila kitu ntakilinganisha na kitu unachokiona kila siku.

Jambo moja ulishike kabla hatujaenda mbali: intaneti ni soko la mtu mwingine. We ni mpangaji. Mwenye soko anaweza kufunga geti kesho. Kilicho chako kweli ni namba za wateja wako na imani yao kwako, basi. Ukiona hatua fulani hapa chini inarudi kwenye daftari la kuandikia hizo namba, ujue ndo sababu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu janja, hata ya kawaida, mradi kamera yake haina ukungu. Ifute kioo cha kamera kwa kitambaa safi kabla ya kila picha, watu wengi picha zao ni mbaya kwa sababu ya mafuta ya vidole tu.
- Laini ya biashara iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Si cha kaka, si cha rafiki. Hiyo namba itakuwa bango lako, simu ikiibiwa na laini iko kwa jina la mtu mwingine itabidi umtafute yeye ndo urudishiwe namba yako.
- Mobaili mani kwenye laini hiyohiyo, ili jina linalotokea mteja akilipa liwe ndilo analokujua nalo.
- Bidhaa moja au mbili unazozijua vizuri.
- Daftari la karatasi na kalamu. Sitanii, la karatasi.
- Shilingi 30,000 uziweke pembeni. Hatuzigusi mpaka hatua ya 8.

Tovuti hauihitaji sasa, wala nembo ya kuchorewa, wala kozi ya kulipia.

Hatua zenyewe

1. Andika unamuuzia nani, sentensi moja

Muangalie kijana wa rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, pale Wandegeya usiku. Anajua watu wake ni wanafunzi, wana njaa, wana pesa kidogo na wanataka haraka, ndo maana amekaa pale na si mbele ya hoteli kubwa, na hawezi kukuambia pia anauza magodoro. Na wewe andika hivyo hivyo. Yangu ni hii: nauza viatu vya shule vya ngozi, mtumba safi, kwa wazazi wenye watoto wa P1 mpaka P7 walio Kampala na Wakiso. Ukishaandika, kila unachokipost ujiulize huyo mzazi anajali au hajali.

Kosa la kawaida ni kuandika “nauza vitu mbalimbali kwa bei nafuu”. Hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi akatafuta vitu mbalimbali.

Kama haujui watu wanataka nini, fungua Google uanze kuandika jina la bidhaa yako polepole, usimalizie, utaona inakuletea maneno ya kumalizia. Hayo ni mambo ambayo watu wengine huwa wanayatafuta. Ni kama umesimama Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, unasikiliza wateja wanauliza nini duka la jirani, na ni bure.

2. Fungua kibanda: WhatsApp Business

Chukua programu ya WhatsApp Business, ile ya biashara, uiweke kwenye laini ya biashara. Jaza jina, mahali ulipo, saa za kazi. Kwenye katalogi weka bidhaa zako na bei. Weka salamu inayojituma yenyewe mtu akiandika mara ya kwanza, fupi tu: “Karibu, tuambie saizi ya mtoto na upo wapi, tutakujibu.” Halafu nenda kwenye mipangilio uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, PIN ya tarakimu sita, leo hii, usiseme kesho. Ni kufuli ya kibanda. Nani anafungua kibanda kabla ya kununua kufuli?

Sasa hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo wengi wanakufa. Bei. Kuna hii tabia ya kuandika “bei njoo inbox”. Pale Owino unaweza kuacha bei kwa sababu umesimama hapo, mteja anaona uso wako, anauliza, mnapatana, mnacheka, anaondoka na kiatu. Kwenye simu hakuoni, anachoona ni kiatu kisicho na bei, na moyoni anasema moja kati ya mawili, ama ni ghali sana ama huyu anataka aniangalie nilivyo ndo aniambie bei. Anapita. Andika bei. Kama unaogopa kupatana kutaisha, andika “kuanzia 25,000” na acha nafasi kidogo. Mimi tangu nianze kuandika bei wanaoniandikia ni wachache zaidi lakini wanaonunua ni wengi zaidi, na sipotezi tena asubuhi nzima kujibu “bei?”.

3. Picha: mfano wa muuza fenesi

Muuza fenesi hakuelezi utamu kwa maneno. Analipasua, unaona nyama ya njano, anakukatia kipande unaonja, umekwisha. Picha yako inatakiwa ifanye kazi hiyo. Piga asubuhi karibu na mlango, mwanga wa jua usiopiga moja kwa moja. Kwa kiatu kimoja mimi napiga tano: mbele, pembeni, soli, ndani, na namba ya saizi. Kama kina mkwaruzo napiga ya sita, ya mkwaruzo, na nauandika. Watu wanashangaa, wanasema unaharibu biashara. Hapana. Mteja akiona nimemwonyesha kasoro mwenyewe anaamini hizo picha nyingine tano, na akipokea kiatu hakirudishi.

Usichukue picha ya mtu mwingine kwenye intaneti ukaiweka kama yako. Kiatu kitakachofika si kile, na huyo mteja ataambia kanisa zima.

Na kumbuka data ni pesa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 bando za intaneti zina ushuru wa asilimia 12, na mteja wako ndo analipa. Kwa hiyo video ya dakika tatu hataifungua. Sekunde 20 zinatosha. Bei na saizi ziandike kwa maneno chini ya picha, kwa sababu kuna watu picha hawazipakui mpaka wamesoma.

4. Nenda walipo watu, na uite kama konda

Msikilize konda pale Old Taxi Park. “Ntinda Ntinda Ntinda, mmoja abaki!” Ameshasema gari linaenda wapi na nafasi imebaki ngapi, kwa pumzi moja. Hajasema sisi ni kampuni inayoongoza kwa usafiri wenye ubora. Sasa soma ulichopost jana uone umeita kama konda au kama barua ya ofisi. Ya kwangu huwa hivi: “Viatu vya shule vya ngozi, saizi 30 mpaka 36, 28,000, nipo Owino, boda anakuletea.” Maneno ya mwanzo ndo hayohayo, mengine yafuate.

Mahali pa kuita: stetasi ya WhatsApp kila siku (inakaa masaa 24 halafu inapotea, kama chapati ya asubuhi, lazima upike nyingine), na TikTok kwa ajili ya watu wasiokujua. Anza na hizo mbili. Facebook ilifungwa hapa Uganda Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi, na wauzaji waliokuwa na wateja wao wote huko walibaki kuingia kwa VPN, programu ya kupita pale palipofungwa, kutafuta watu wao. Hilo ndo geti la soko nililosema mwanzo.

Na wakati. Wanaouza mishumaa na rozari Namugongo, kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, hawafiki tarehe 4 Juni. Wanafika siku nyingi kabla, ikifika tarehe 3 Juni mahujaji wanakuta meza zimeshapangwa. Mimi viatu vya shule naanza kuviita katikati ya Januari kwa sababu muhula wa kwanza huwa unafungua mwanzoni mwa Februari. Ukianza siku watoto wanapanda basi la shule umechelewa, mzazi ameshanunua na hana hata senti.

5. Julikana na boda wa steji

Mgeni akishuka mtaa asioujua anamuuliza nani? Boda. Na boda anampeleka kwenye duka analolijua, ambalo liko wazi saa hiyo na watu hawajalilalamikia. Google ndo huyo boda. Hiyo SEO wanayoitolea semina mwanzo wake ni huo, kumfanya boda akujue. Kama una mahali maalum, tengeneza wasifu wa biashara yako kwenye Google, ni bure, jina, namba, saa, picha za mlango na njia ya kuingilia. Watahitaji kuthibitisha kwamba upo kweli, fuata wanavyokuelekeza. Hapa kwetu watu wanaelekezana kwa alama si kwa namba za nyumba, kwa hiyo andika na alama: nyuma ya stoo fulani, mlango wa pili.

Kila mteja aliyeridhika mwombe aandike maoni yake pale. Kwa maneno yake. Usinunue maoni ya uongo, boda akigundua umemdanganya hampeleki mtu kwako tena.

6. Daftari

Hii ndo hatua ninayoijali kuliko zote.

Kila anayenunua, jina, namba, alinunua nini, saizi gani, tarehe. Mimi kwa sababu ni viatu vya watoto naandika na umri, miguu inakua, baada ya miezi minane tisa najua huyu atahitaji namba inayofuata, namwandikia: “Habari za asubuhi mama, yule wa namba 31 nadhani sasa anavaa 33, nimepata mbili nzuri, nikutumie picha?” Hiyo meseji moja inauza kuliko video niliyohangaika nayo siku nzima, kwa sababu anajua namkumbuka.

Ukishakuwa na namba tengeneza brodikasti kwenye WhatsApp, yaani unaandika ujumbe mara moja unamfikia kila mmoja kivyake, orodha moja inabeba watu 256. Angalizo ambalo wengi hawalijui: ujumbe wa brodikasti unamfikia tu mtu aliyeisevu namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo ukimkabidhi mzigo mwambie “nisevu, nikipata saizi yake ntakuambia”. Na umuombe ruhusa ya kumtumia. Tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, lakini hata bila sheria, jirani anayegonga mlango wako kila asubuhi utaanza kujifanya haupo. Mara mbili kwa wiki inatosha. Akisema mtoe, mtoe siku hiyohiyo.

7. Pesa na mzigo

Mteja akisema ametuma, usiangalie SMS, angalia salio. *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. SMS ya uongo inatengenezwa na mtu yeyote, salio hawezi kuligusa. Akikupigia mtu akisema ametuma kwa makosa umrudishie haraka, usirudishe chochote kwa haraka yake, angalia salio kwanza, halafu mwambie apige kwa kampuni ya simu irekebishwe huko. PIN usimpe mtu hata akisema anatoka makao makuu.

Mzigo wa Kampala mpe boda unayemjua, mmoja au wawili, si kila siku mtu mpya. Wa mbali, Arua, Mbale, Mbarara, tuma kwa basi, upewe risiti, uipige picha umtumie mteja pamoja na namba ya basi. Nauli mwambie mapema kabla hajalipa. Kuna mteja nilimpoteza kwa sababu ya 5,000 ya boda niliyoitaja mwishoni, alikuwa ameshapanga pesa yake akaona nimemzunguka, na alikuwa na haki.

8. Sasa zile 30,000

Tangazo la kulipia ni lile gari lenye spika linalozunguka mtaani. Likipita, kila mtu anasikia, sawa. Lakini kama duka limefungwa au hakuna bei umelipa watu waje wakuone hauko tayari. Ndo maana limekuja hatua ya 8 na si ya 1.

Chukua post ambayo tayari bila kulipa ilileta maswali mengi, hiyo ndo uilipie, chagua Kampala tu, siku tatu, 10,000 kwa siku. Halafu uhesabu kwenye daftari. Tuseme 30,000 imeleta watu 12 walioandika, na 3 wakanunua. Kila mteja amekugharimu 10,000. Kama faida yako kwa kiatu ni 15,000 umebaki na 5,000, na kama boda ulimlipia wewe 5,000 umefanya kazi siku tatu bure kabisa. Lakini kama mmoja wa hao watatu akarudi Mei kununua tena bila tangazo, hesabu inabadilika. Unaona kwa nini namng'ang'ania huyo wa daftari?

Hizo ndo namba za kuandika kila Jumapili: wangapi wameona, wangapi wameandika, wangapi wamenunua, wangapi wamerudi. Kulaikiwa usikuandike. Watu mia wanaopita mbele ya kibanda wakisema “viatu vizuri!” hawajakununulia posho.

9. Tovuti, ukishakuwa na sababu

Sababu nzuri ni kama bidhaa zimekuwa nyingi katalogi haitoshi, au unataka kuuzia mashule na maofisi yanayotaka kuona anwani ya kueleweka. Tovuti ina vitu viwili vya kulipia kila mwaka: jina, mfano linaloishia na .com au .co.ug, na chumba inapokaa. Jina ni kibao cha duka, chumba ni pango. Usipolipa pango umetolewa, usipolipia jina anaweza kulichukua mwingine.

Sikiliza hili. Nilimlipa mtu anitengenezee, akasajili jina kwa barua pepe yake, sikujua hata cha kuuliza. Mwaka ulipoisha nikamtafuta hakupokea simu, jina likapotea na nilishaliandika kwenye mifuko 500. Kwa hiyo jina lisajiliwe kwa barua pepe yako na nywila ukae nayo wewe, fundi mpe ruhusa ya kuingia tu.

Na kama mtu anakuambia biashara ya mtandaoni ni wewe kulipa kiingilio halafu ulipwe kwa kuleta wengine walipe kiingilio, jiulize swali la sokoni: nyanya ziko wapi? Soko ambalo hakuna anayeuza nyanya, wote wanauziana tiketi za kuingia, wa mwisho kuingia ndo anayelia. Toka.

Ikikwama

Wanaangalia, hawaandiki. Rudi kwa konda. Mara nyingi bei haipo, au haujasema uko wapi, au picha ina giza.

Wanauliza bei halafu kimya. Usiseme bei ni kubwa kabla haujaangalia umejibu baada ya muda gani. Mteja wa simu ameuliza watu watatu kwa wakati mmoja, anayejibu kwanza ndo anauza. Kama una kazi nyingine tenga masaa mawili kwa siku ya kujibu na uyaandike kwenye salamu.

“Niwekee, ntalipa mwisho wa mwezi.” Weka kwa malipo ya awali tu, mimi nachukua nusu. Bila hiyo usiweke, hata kama ni shemeji.

Akaunti ya WhatsApp imeibwa. Sakinisha upya, ingiza namba yako, weka zile tarakimu zinazokuja kwa SMS, aliyeiba anatolewa. Kama aliwasha PIN yake unaweza kusubiri siku 7 ndo uingie. Wakati unasubiri wapigie wateja kuwaambia wasitume pesa. Na kawaida zinaibwa kwa sababu mtu alimpa mwingine zile tarakimu za SMS, usimpe mtu.

Intaneti yenyewe imezimika. Usiseme haiwezi kutokea, Januari 2021 ilizimwa nchi nzima kama siku tano. Hapo stetasi hakuna, katalogi hakuna, kilichobaki ni daftari la karatasi na simu ya kawaida ya kupiga. Na kama namba zako zote ziko ndani ya simu moja na simu imeanguka kwenye maji, hali ni hiyohiyo. Jumapili jioni ukimaliza zile hesabu nakili namba mpya za wiki, haichukui hata nusu saa, na daftari usilibebe kwenye mfuko mmoja na simu.